Gari la Baba, Chumvi ya Mrithi

Chumvi haili gari kutoka juu. Inaanzia chini, mahali ambapo mwenye gari hainami kuangalia, na ukiona kidoa cha kahawia juu ya rangi ujue ndani kumebaki ganda. Hayo niliyajua tangu nikiwa Kasenga, ng'ambo ya mto Luapula, nilikofundishwa ufundi katika gereji ya Mbelgiji mmoja. Kwa hiyo siku yule mtu alipoleta gari la baba mbele ya nyumba yetu Nchelenge, sikujisumbua na rangi. Nilipiga magoti, nikasukuma kidole chini ya mlango, na kidole kikapenya hadi ndani. Kilitoka kikinuka samaki wa chumvi. Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, kwa sababu watu wakizeeka hupenda kusimulia hasira zao kana kwamba zilikuwa huzuni. Yangu ilikuwa hasira, na kiasi chake ninacho hata leo.

"Mutoto yangu," akaniambia, "unitengenezee hii motokari."

Tulikuwa rika moja. Tulijifunza kuogelea pamoja Kashikishi, na mara mbili tatu nilimvuta kutoka kwenye maji akiwa ameshakunywa vya kutosha. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada ya baba. Lakini kwetu mtu akifa jina lake halizikwi naye. Ukoo hukaa, na kwa kuwa ukoo unafuata tumbo la mama, hautafuti mtoto wa marehemu. Unamtafuta mpwa wake. Mpwa huyo huketishwa mkekani, hupakwa unga mweupe, hupewa jina la marehemu na kivuli chake, na tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Wajane humwita mume. Watoto humwita tata, yaani baba, na yeye huwaita wanangu. Baba alipokufa kwa kifua, mpwa aliyeketishwa alikuwa huyu. Akapata jina, akapata nyavu, akapata gari. Mimi nikapata baba wa rika langu.

Jina nilikubali lichukuliwe, maana ndivyo mambo yalivyo. Nyavu pia. Gari sikukubali, ingawa sikuwa na mtu wa kumwambia.

Baba alilikuta limetupwa nyuma ya duka la Mzungu aliyekuwa amekwenda zake, gari dogo la mizigo la Kiingereza, la kabla ya vita, nyasi zimechomoza kwenye tundu la taa. Nilikuwa nimerudi kutoka Kasenga nikijiona fundi. Tulilifufua pamoja kiangazi kizima, yeye akishika, mimi nikigonga, na katika maisha yetu yote hatukuwahi kuongea kama tulivyoongea kiangazi kile. Hapo ndipo nilipopata aibu yangu ya kwanza ya ufundi. Kasenga tulifundishwa neno moja kama sala: mwen ku masi. Mwen ni kichwa cha betri chenye alama ya kutoa. Masi ni bodi ya gari lenyewe, chuma chote, ambacho umeme hupitia kurudi betrini. Magari yote tuliyoyashika kule yalikuwa hivyo. Nikafunga mwen ku masi, gari likawaka, likatembea, na kabla hatujafika sokoni moshi ukaanza kutoka kwenye dainamo. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akakumbuka kwamba Mzungu yule alikuwa akifunga kinyume, kichwa cha plis, chenye alama ya kujumlisha, ndicho kilichokwenda kwenye bodi. "Hili limezaliwa miguu mbele," alisema. Tukageuza, nikapindua na dainamo, na halikusumbua tena. Ni sisi wawili tu tulioijua habari hiyo, na mmoja sasa alikuwa kaburini.

Mrithi alilitumia gari lile kubeba samaki wa chumvi kutoka Kashikishi kwenda Kawambwa. Baba pia alibeba samaki, lakini wakavu, na chini alitandika bati na matete, na kila Jumamosi alimwaga maji ya ziwa na kusugua. Huyu alimwaga samaki wabichi wa chumvi moja kwa moja sakafuni kama anamwaga kwenye mtumbwi. Maji ya chumvi yakashuka kwenye kila kiungo. Panya nao wakafuata harufu, wakatafuna nguo iliyovikwa nyaya, hadi ukibonyeza honi taa moja ya nyuma inawaka.

Ningeweza kukataa? Mtoto hamkatalii baba yake kazi. Ukoo ungesema nimemkataa marehemu mwenyewe, na mama yangu asingepata pa kuweka uso. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima, nikasema, "Ndiyo, tata." Alifurahi sana. Hakujua kwamba wakati viganja vinalia, nilikuwa nimeshaapa kwamba gari litarudi kwangu, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, ataacha kuniita mwanawe.

Nilianza na kutu. Unagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza: bati lililo hai linaita, lililokufa linasema pu. Lililokufa unalikata kwa tindo mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama moyo unauma, maana ukibakiza kutu kidogo chini ya kiraka umemfungia mwizi ndani ya nyumba. Nilipomaliza kukata, gari halikuwa na sakafu. Nilisimama ndani yake miguu yangu ikiwa kwenye mchanga wa uani. Mashine ya kuchomelea haikuwapo Nchelenge, kwa hiyo nilipasua mapipa ya petroli, nikayanyoosha juu ya gogo, nikakata viraka na kuvipiga ribiti kimoja kimoja. Katikati ya bati na bati nilipaka mafuta ya kambale yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Mafuta yale yananuka, lakini yakikauka maji hayapiti. Nilifanya kazi safi. Watu wa kisasi cha haraka hufanya kazi mbovu. Mimi nisingelitengenezea gari langu mwenyewe sakafu mbovu.

Mrithi alikuwa akija kunitazama, amevaa kofia ya baba, amekaa kwenye kiti cha baba. "Mutoto yangu iko na akili," aliwaambia wapita njia. "Bila shaka, anafanana na miye." Wakacheka. Nami nilicheka, nikaendelea kupiga ribiti, na kila ribiti niliipiga nikiwa na uso wake akilini.

Kisha nyaya. Nilivuka hadi Kasenga nikarudi na waya mweusi. Wa rangi nyingine pia ulikuwapo. Nilichagua mweusi, wote mweusi, kuanzia taa hadi honi hadi dainamo. Ili nisipotee nilifuata desturi ya wavuvi wa Kabuta, ambao kila mmoja hutia fundo lake kwenye wavu asiibiwe: nilifunga uzi kwenye ncha ya kila waya, fundo hili la taa ya mbele, fundo lile la swichi. Nilipounganisha waya wa mwisho na kila kitu kikawaka kama inavyotakiwa, nilichukua kisu nikakata mafundo yote. Nyaya zikabaki nyoka weusi wasiojulikana baba wala mama. Nikamkabidhi gari. Hakuinama kuangalia chini.

Nilingoja. Masika yalipofika, barabara ya Kawambwa ikawa tope, gari likakaa, betri ikafa. Mrithi aliipeleka kwa mfanyabiashara mwenye injini ya umeme ili ijazwe, na iliporudi hakuniita mimi. Alimleta fundi wa Kabuta, mtu aliyefundishwa ng'ambo kama mimi, mwenye sauti kubwa na suruali yenye mifuko mingi. Nadhani alitaka nione kwamba hanihitaji. Nilikuwapo, nimesimama kando ya gari, maana mtoto mwema huja baba anapokuwa na wageni.

Fundi akafungua boneti, akashika mikanda inayobana vichwa vya betri, akaguna.

"Mutu mwenye alifunga hii motokari hajue kazi," akasema. "Aliweka plis ku masi! Mwen ku masi, bwana. Hata mutoto anajua."

Sasa, kichwa cha plis ni kinene kuliko cha mwen, ili mtu asikosee. Mkanda wa bodi ulikuwa mpana, haukubana kichwa cha mwen. Betri yenyewe ilikuwa inamkatalia. Yeye akakunja kipande cha kopo akashindilia upande huu, na upande wa pili akautanua mkanda kwa bisibisi. Hapo, naapa, mdomo wangu ulifunguka. Sijui ni ufundi ulionisukuma au ni kumbukumbu ya moshi ule. Nilisema, "Tata, hii motokari..."

"Nyamaza, mutoto," mrithi akanikata. "Bakubwa banasema."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu. Nilifunga mdomo, nikakunja mikono, na utamu ulionipanda kifuani siku ile sijawahi kuupata katika chakula chochote. Gari likawaka mara moja. Fundi akanitazama kwa huruma. Wakapakia samaki, wakaondoka, mrithi akipunga kofia ya baba dirishani.

Dainamo haina haraka. Gari likienda polepole inanyamaza. Likishika mwendo ndipo inaamka na kusukuma umeme wake, na ikikuta betri imefungwa kinyume, wanapambana, na katikati yao hakuna kitu ila waya. Hawakufika mbali. Moshi ulitoka chini ya dashibodi, wakaruka nje, fundi akaunguza vidole kwa kung'oa mkanda wa betri. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo. Kama angekuwapo wa kuumia zaidi nisingesimulia kwa raha hivi.

Vijana wa barabarani walilisukuma hadi sokoni Kashikishi, na kazi ile nusu yake ilikuwa kucheka. Fundi wa Kabuta alitazama nyaya zile nyeusi zilizoyeyukiana, akavuta mmoja, akavuta wa pili, akauliza upi ni wa nini. Hakuna wa kumjibu. Akafunga boneti, akasema ana mtu anamngoja, akaenda zake. Ndipo nikaitwa.

Soko zima lilikuwa pale: wanawake wenye mabeseni, wachuuzi wa ng'ambo, wazee wawili wa ukoo. Mrithi alikuwa amelowa jasho.

"Weye ulifanya hii," akanifokea. "Ulijua!"

Nikachuchumaa mbele yake kwenye magamba ya samaki. Nikapiga makofi. "Nilijua, tata."

"Juu ya nini haukusema?"

"Tata aliniambia ninyamaze. Bakubwa balikuwa banasema, tata."

Mwanamke mmoja akacheka, na kicheko kikapita kwenye mabeseni hadi majini. Mrithi akaniambia niinuke. Nikasema siwezi kusimama tata akiwa na hasira. Akasema niache kupiga makofi. Nikapiga kwa upole zaidi, tata nisamehe, tata ni mkubwa, tata anajua motokari. Watoto wadogo wakaanza kupiga nami. Kila "tata" niliyoitoa niliona ikimpata, kwa sababu sasa soko zima lilisikia neno lile kama mimi nilivyokuwa nikilisikia: mtu mzima anaitwa baba na mtu wa umri wake.

"Miye hapana baba yako!" akapiga kelele. "Unasikia? Miye hapana baba yako! Kamata hii chuma ya baba yako, uende!"

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja wa ukoo alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kushika kitu kinachoanguka. Mimi nikasimama, nikapangusa magamba magotini. Nikamwambia kuna watu hawajui Kiswahili, arudie kwa Kibemba. Alikuwa amefika mahali ambapo hawezi kurudi nyuma mbele za watu, akarudia. Shangazi yangu, mama yake, aliyekuwa kati ya wanawake wa mabeseni, alijifunika uso kwa kitenge. Nikaomba vijana walisukume gari hadi Nchelenge.

Nyaya nilizitoa zote, nikafunga mpya, safari hii za rangi. Sasa nimfiche nani? Plis ku masi. Likawaka. Nililiendesha uani nikipiga honi, nikizunguka mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hadi mama akatoka, mikono imejaa unga wa mihogo. Alikuwa na habari za sokoni nusu nusu. Nikamsimulia yote, na sikuficha kwamba nilifurahi. Nilimwigiza hata sauti.

Hakucheka. "Alisema hivyo kwa mdomo wake? Kwamba yeye si baba yako?"

"Kwa mdomo wake. Mara mbili."

Alitazama gari, akatazama njia inayokwenda kwa kina shangazi. Huko ndiko alikokuwa akipeleka sahani ya jioni tangu msiba, akimpigia magoti kijana yule na kumwuliza ameshindaje, bila kuona haya hata kidogo. Mimi nilidhani alikuwa akivumilia.

"Basi baba yako sasa anakaa kwa nani?"

Yule mtu sijamsamehe, na gari lile nililiendesha miaka mingi bila kumwonea haya mtu yeyote. Lakini mama yangu alikuwa ameuliza kama anavyouliza mtu ambaye ana sahani mkononi na hajui aipeleke wapi. Nilizunguka nikamfungulia mlango, nikamwambia apande nimpeleke Kashikishi akapate hewa.

Akapangusa unga kwenye kitenge chake, akasema atakwenda kwa miguu.