Nilivyogundua bwawa la lodge lina umeme, siku mbili kabla ya watoto wa komunyo kuogelea

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, huku kwenye baridi. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi umeme wa kuzunguka. Nimezaliwa Laela, nikamaliza form four, na tangu hapo sijawahi kukaa mji mmoja miaka mitatu. Safari hii nimerudi kwa sababu tu nilikumbuka harufu ya uji wa ulezi. Msinicheke.

Nikapata kazi ya kufunga taa kwenye lodge moja pale Chanji. Mwenye lodge ni Mama Leokadia, sauti yake inafika parokiani bila spika.

Alikuwa amejenga bwawa dogo na kufunga hita ya umeme, maana maji ya huku yanauma. Jumapili watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa waje kulizindua.

Ijumaa mchana nikamaliza taa. Nikavua viatu, nikachuchumaa ukingoni nikiukumbuka mto tuliokuwa tunaoga utotoni. Nikagusa maji.

Wakuu, mkono ulishtuka mpaka begani! Bahati nilianguka kwa nyuma. Nikakimbia kuzima main switch.

"Mama, bwawa lina umeme!"

"Umeme gani? Mimi nayapima maji yake kwa mkono kila asubuhi, yana joto zuri."

Nikamtazama miguuni. Gumboot, na soksi mbili ndani. Wafipa na baridi yetu! Mpira ulimkinga, umeme haukuwa na pa kupitia kwenda ardhini.

Nikafungua boksi la umeme. RCD hakuna. Akaitwa fundi wake aliyeifunga hita, Deus.

"Kaka, ile RCD ilikuwa inakata kila hita ikiwaka. Nikaitoa, nikapiga direct. Breaker si ipo?"

"Deus, umemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele!"

(Kwa wasiojua: breaker inasubiri umeme mwingi. RCD ya miliampea 30 inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukivuja kidogo tu kwenye maji au mwilini mwa mtu, inakata hapo hapo.)

Nikapima hita. Elementi, ile koili ya kupasha maji, imepasuka na inavujisha umeme.

"Sasa Jumapili niwaambie nini wazazi?" Mama akalalamika.

"Waambie maji ni ya baridi."

"Watanicheka!"

"Wakicheka si ndiyo wako hai, mama?"

Mama akasema, "Kata waya wa hiyo hita kabisa, nisije nikashawishika."

Jumapili watoto wakaruka kwa vifijo, wakatoka meno yanagongana, wakarudi tena majini! Wazazi walicheka kweli, na Mama akacheka kuwazidi.

Elementi mpya ilikuja na basi kutoka Mbeya. Tukaifunga mimi na Deus, tukaunga waya wa earth kwenye hita na ngazi ya chuma ya bwawa, RCD ikarudi. Deus akabonyeza kitufe cha test. Ta! Ikakata. Akapiga makofi.

Nilichojifunza: RCD ikikata, tafuta kinachovuja, usiiondoe RCD. Na bwawa halipimwi kwa vidole, mimi niliponea chupuchupu tu.

Wenye hita za maji nyumbani, nendeni mkabonyeze kitufe cha test cha RCD sasa hivi. Isipokata, andikeni hapa chini tusaidiane kabla mtu hajaingia kuoga.