Fimbo ya Dizeli Kisimani

Jamani, leo naweza kucheka kwa sababu nimezeeka na aibu imechuja, lakini siku ile pale Unyambwa nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mbele ya kinamama wote na ndoo zao.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mimi kijana wa Idara ya Maji, kaptura imenyooshwa pasi, watu wananiita Bwana Maji na mimi naitika kwa mbwembwe. Kila Jumatatu nilikwenda kwenye kisima kilicho jirani na kituo cha mafuta cha Mzee Rajabali, maana tanki lake la dizeli lilikuwa limefukiwa ardhini na wakubwa waliogopa lisije likavuja likaingia kwenye maji ya kunywa. Napima kina kwa kamba yenye jiwe, nachota maji kwenye chupa, nanusa, natazama kama yana utando wa mafuta, naandika kwamba ni salama. Kila wiki salama, hadi nikachoka na usalama wenyewe.

Jumatatu hiyo kamba ilibaki nyumbani (mke wangu alikuwa ameifungia mbuzi, na mimi si mtu wa kumfungua mbuzi wa mke wangu). Kurudi mjini kwa baiskeli nikaona uvivu, na pale ukutani mwa kituo ilikuwa imeegemezwa fimbo ndefu yenye namba, mwenyewe yuko ndani anakunywa chai, nikasema kipimo ni kipimo, nikaichukua, nikaifuta kwa leso, nikaizamisha kisimani. Kisha nikachota.

Chupa ikanuka dizeli! Juu ya maji rangi zinacheza, bluu, zambarau, kijani, na moyo unanidunda kwa furaha (ndiyo, furaha, Mungu anisamehe), kwa sababu hatimaye nilikuwa nimegundua kitu. Mwenye akili angejiuliza swali moja dogo. Mimi nilipanda kwenye ukingo wa kisima nikaita watu.

Wakaja mbio. Mama Joha, balozi wa nyumba kumi wa pale, akanusa chupa, akamwaga ndoo yake chini, na wenzake wakamwaga zao. Nilipoona hivyo nikazidi kunogewa, nikahutubia juu ya watu wanaoua wananchi kwa ajili ya faida, mpaka mmoja akasema aitwe katibu wa chama, mwingine akasema kituo kifungwe leo leo na mwenyewe akamatwe. Mzee Rajabali akatoka mbio, maana kituo kile ndicho kilicholisha nyumba yake yote. Nikampa chupa anuse mbele ya umati. Akanusa, halafu akatazama kilichokuwa mkononi mwangu.

"Bwana Maji," akasema taratibu, "ukimaliza naomba fimbo yangu. Jioni napima tanki."

Mama Joha akainyakua ile fimbo, akainusa, akampa jirani yake, naye akampa mwenzake, ikazunguka umati mzima kama kichanga kinachoonyeshwa kwa ndugu, mpaka ikanirudia.

"Nusa na wewe," Mama Joha akaniambia.

Nilimwomba radhi Mzee Rajabali pale pale, akanipokea vizuri hata nikaona heri angenitukana. Nikakikausha kisima kwa ndoo siku mbili, peke yangu, maji mapya yakatoka safi, nikayapima, nikayanywa mbele ya kinamama wote. Hakuna aliyesogeza ndoo.

"Mwanangu," Mama Joha akasema, "uliposema maji mabaya tulikuamini papo hapo. Hayo mazuri tuache kwanza."

Kiangazi kizima wakachota maji kijiji cha mbali, Mwankoko. Nilikutana nao njiani kila Jumatatu, nashuka kwenye baiskeli, naamkia shikamoo, wanaitikia marahaba bila kusimama, maji yanawachuruzika shingoni, na kisima changu kisafi kimejaa. Tangu hapo nimeapa: nikihisi nimegundua jambo, napima mara ya pili, tena kwa kamba yangu, ndipo nifungue mdomo.