Mdoli wa Kuongea kutoka Kahama

Kwetu mtu haitwi kwa jina, anarushiwa kijiwe. Usicheke. Njoo Segese, upande ule wa makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, ukae asubuhi moja tu, utatuelewa. Mashine zinaanza kunguruma uji haujachemka na hazinyamazi mpaka jua linazama. Ukiita utapasua koo bure. Unaokota kijiwe kidogo, unakirusha mbele ya miguu ya unayemtaka, akigeuka mnaongea kwa mikono. Vidole mdomoni, chakula tayari. Mikono ikipishana kifuani, zima mashine. Kiganja kikifuta paji la uso, nimechoka, niache. Mimi nimewapikia vijana wa karasha wali na maharage miaka mingi, na ugomvi wangu mwingi nimeugomba kwa mikono. Kuna tusi moja la kiwiko ambalo sitalieleza hapa.

Mwanangu wa kiume ndiye msimamizi wa karasha lile, na nyumba yetu iko nyuma yake tu. Hapo ndipo alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza, msichana, mke mwenzangu. Ndivyo ninavyomwita, maana tangu azaliwe ameninyang'anya kila kitu: kitanda, shuka, mpaka paja la kuku. Babu yake hayupo tena duniani lakini uke wenza wetu haujaisha.

Alikuwa mwerevu, si kwa sababu ni wangu. Hajatembea sawasawa, tayari anazijua ishara zote za karasha. Akitaka maji anazungusha kiganja kama anayefungua bomba. Mimi alinipa ishara yangu mwenyewe: anavuta ndewe ya sikio, kwa ajili ya hereni zangu. Ukimrushia kijiwe anageuka upesi kuliko watu wazima. Vijana walimpenda, wakawa wanamwita fundi. Na alikuwa na tabia ya kunishika koo nikimbeba. Nikiimba, nikigomba, nikisali, kiganja chake kiko hapa chini ya kidevu changu. Nilidhani ni kudeka.

Ila hakuwa anasema. Miaka mitatu inakaribia, hata "baba" hakuna. Mwanangu alikuwa akisema, "Huyu siku akiniita baba, nachinja mbuzi," halafu anacheka. Lakini mimi niliyemzaa najua anavyocheka, na kule hakukuwa kucheka. Alikuwa anaisubiri hiyo "baba" kila jioni akirudi na vumbi lake. Anachuchumaa mbele ya mtoto, anasema "Baba. Sema baba." Mtoto anamtazama mdomo, anatabasamu, anampapasa ndevu.

Shangazi yake mwanangu akaja kutoka Songwa, akasema mtoto anadai jina, kuna bibi wa zamani wa ukoo anataka kukumbukwa. Jina likaongezwa, ushanga ukavalishwa mkononi. Huyo bibi wa zamani labda aliridhika. Mtoto hakusema.

Basi mkwe wangu akaona kwenye simu midoli inayoongea. Unabonyeza, inasema neno, inangoja, mtoto anajibu. Akaniambia, "Mama, labda ni sisi. Tunaongea naye saa ngapi, na makelele haya? Akipata kitu cha kumsemesha karibu na sikio atafunguka." Yeye mimba yake ya pili ilikuwa kubwa, ile barabara ya mashimo ya kwenda Kahama asingeiweza. Nikatumwa mimi, na nikaagizwa niende na mtoto ili achague mwenyewe. "Ila mama, usikubali wakuuzie kinachoongea Kizungu tupu." Nikamwambia, mwanangu, mimi nimewashinda wanunuzi wa dhahabu kwa mdomo, muuza midoli atanifanya nini?

Duka lenyewe lilikuwa ndani ndani, nyuma ya maduka ya vitenge. Tulipoingia masikio yangu yaliziba. Si kelele, ni ukimya. Mtu wa karasha akikaa mahali pasipo na mashine hujiona kama kaingia kanisani. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, shati limenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nataka mdoli wa kuongea. Wa huyu mke mwenzangu."

"Umefika! Anapenda nini?"

"Anapenda kunilia nyama. Lete tuone."

Akashusha midoli mpaka meza ikajaa. Mjukuu wangu nikamweka chini kwenye sakafu, akapata boksi tupu, akatupa mgongo akaanza kulifumua. Kijana akabonyeza kibao chenye herufi, kikaimba Kizungu. Nikamkatiza. "Mtoto huyu hajasema 'mama' kwa Kiswahili wala 'mayu' kwa Kisukuma, nawe unamletea hiyo? Weka pembeni." Akacheka, akaleta simu ya plastiki inayosema "halo, halo" kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Nayo pembeni. Akaleta kitabu kigumu chenye picha, ukigusa ng'ombe kinasema "Ng'ombe!" kisha kinalia. Hicho nilikipenda, kilisema Kiswahili kilichonyooka, ingawa yule ng'ombe alilia kama hajawahi kuona majani.

Halafu akaleta kasuku. Kasuku yule unamwambia neno, anatingisha kichwa, anakurudishia kwa sauti nyembamba. Nikamwambia, "Punguza bei." Naye akasema, "Punguza bei." Duka zima likacheka. Nikaona hapa ndipo penyewe, mtoto atapata mtu wa kubishana naye. Kijana akataka kunionyesha nguvu zake, akaongeza sauti mpaka mwisho na kusema "Haloo!" Kasuku akapiga ukelele, mama wa watu aliyekuwa mlangoni akashtuka, kitoto kichanga mgongoni kwake kikaangua kilio.

Mke mwenzangu aliendelea kufumua boksi.

Nilimtazama kisogo. Nikamwambia yule kijana, "Rudia." Akarudia. Kasuku akapiga ukelele, kichanga kikalia zaidi, mjukuu wangu akachana kipande cha boksi akakipanga vizuri juu ya kingine. Nikachukua kile kitabu, nikainama nyuma yake, nikabonyeza ng'ombe karibu kabisa na sikio. Nikabonyeza jogoo. Nikabonyeza gari la zimamoto. Nikapiga makofi, nikamwita jina lake, nikamwita tena kwa sauti ya kumfukuza mbwa. Mtoto hakugeuza hata shingo.

Mungu wangu! Yule kijana alikuwa ameshaelewa, maana alizima kasuku na kumweka chini taratibu.

Nikaokota kipande cha boksi nikakirusha mbele yake. Akageuka papo hapo, akavuta ndewe ya sikio lake: bibi. Akacheka.

Nilikaa kwenye sakafu ya watu, na umri wangu huu, na kitenge changu kizuri. Kijana hakusema maneno mengi, Mungu ambariki. Aliingia nyuma akatoka na ngoma ndogo ya plastiki yenye taa pembeni. Ukiipiga inaimba, lakini pia inatetemeka, ina kitu ndani kinachotikisika. Akaiweka mbele ya mtoto bila kunieleza chochote. Mtoto akaipiga mara moja. Macho yakamtoka. Akaweka viganja vyote viwili juu yake, kisha shavu, kisha kidevu, akafumba macho. Ni vilevile anavyonishika koo. Nikakumbuka nyimbo zote nilizomwimbia, na kile kiganja chini ya kidevu changu, nikalia mbele ya wateja.

Ngoma ndiyo tuliyorudi nayo. Kasuku nilimwacha pale dukani akiwa kimya.

Mwanangu nilimwambia jioni ile ile, kwenye kibaraza, mkewe akiwepo. Sikuzunguka. Nikasema, mtoto hasikii. Mkwe wangu akashika tumbo lake, akaanza kulia polepole. Mwanangu alisimama.

"Mama, hapana. Hapana kabisa. Huyu mtoto anasikia! Jana tu nilimwita akaja."

"Ulimrushia kijiwe."

"Nilimwita!"

"Baba, mashine zilikuwa zinanguruma. Ulimwitaje?"

Nikamwona anakumbuka jana, anakumbuka juzi, anatafuta siku hata moja aliyomwita huyu mtoto kwa mdomo akageuka, haioni. Sote tulikuwa hatuioni; hata usiku mashine zikizimwa, yeye tulishamzoea kwa mikono. Nyumba nyingine yoyote, nyumba ya watu wanaoitana kwa majina, wangelijua jambo hili mtoto akiwa bado ananyonya. Kwetu alifanana na sisi mno. Tulikuwa tumemsifu kwa upesi wake wa mikono, kumbe hakuwa na kingine.

Mwanangu akazunguka nyuma ya mtoto, aliyekuwa amekumbatia ngoma yake, akamwita. Akamwita tena, mishipa ya shingo imemsimama, mpaka majirani wakachungulia. Nikamshika mkono nikamwambia basi baba, basi.

Hospitalini tulikwenda wote watatu na mtoto wetu. Daktari wa masikio alikuwa mama mpole, alimpima bila haraka. Alisema kuna vifaa vya kuvaa sikioni ambavyo huenda vikamsaidia kidogo, na tutavijaribu, lakini tusikae tukivisubiri. Alisema tuanze leo kuongea naye kwa mikono, lugha kamili ya alama, na kwamba ziko shule za watoto kama yeye. Akatushangaa tulivyokwisha kufundishana ishara nyingi. Mkwe wangu akauliza maswali mengi na kuyaandika kichwani majibu yote. Mwanangu aliuliza moja.

"Ataniita baba?"

"Hilo siwezi kukuahidi," daktari akasema.

Kuanzia hapo mwanangu akawa mtu mwingine. Sisemi alimchukia mtoto, la hasha, angemkatia mkono wake. Ila aliacha kuchuchumaa. Akirudi jioni ananawa, anakula, anaangalia mashine zilizozimwa kana kwamba zimemwibia. Mtoto anamwendea na ngoma, anaipiga, anaiegemeza gotini kwake ili naye aisikie ilivyo tamu. Baba mtu anamshika kichwa, anainuka, anaondoka. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumgombeza, nami si mtu wa kushindwa kugomba. Mkwe wangu alijifungua salama, kijana wa kiume, akalia kwa sauti ya kupasua bati. Mwanangu alisikia kilio kile akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake.

Sasa hili ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo.

Mchana mmoja, naandaa sahani, umeme ukakatika. Segese nzima makarasha yakazima kwa mpigo. Huwa ni jambo la ajabu: kwanza masikio yanalia, halafu unasikia kuku, unasikia mtu akikohoa mbali. Na watu wote wanashusha mikono. Ndiyo kawaida yetu, mashine zikinyamaza midomo inaamka, kila mtu anaropoka aliyoyaweka tumboni tangu asubuhi. Vijana wakakaa kwenye viroba vya mawe, wakaanza kutaniana na kucheka. Mwanangu alikuwa katikati yao, ametupa mgongo upande wetu, anabishana juu ya mpira.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama karibu na jiko langu, ngoma mkononi. Siku zote ule uwanja ni wake, kila mkono unaopita anauelewa. Ghafla mikono yote imekufa. Aligeuza uso kwa huyu, kwa yule, anatazama midomo inayofunguka na kufunga. Akaweka vidole mdomoni: chakula. Hakuna aliyemwona. Akampungia fulani, fulani anacheka na mwenzake. Akaipiga ngoma. Ngoma ikaimba kwa nguvu, taa zikawaka, lakini vijana walishaizoea ile ngoma, hakuna aliyegeuka. Nilitaka kunyanyuka nimfuate. Sahani zilikuwa mkononi, nikakawia, na leo nashukuru nilikawia.

Akaiweka ngoma chini. Akainama, akatafuta, akaacha kimoja kikubwa, akaokota kidogo. Akatembea mpaka nyuma ya baba yake, si karibu sana, umbali ule unaotakiwa. Akarusha.

Kijiwe kikaangukia mbele ya viatu vya mwanangu, kikaruka mara moja kwenye vumbi.

Akageuka. Alikuwa na neno mdomoni, neno la mpira, nililiona likimfia hapo hapo. Mtoto akaweka vidole mdomoni, kisha akaonyesha jiko langu, kisha akaonyesha kifua cha baba yake, halafu chake: chakula tayari, twende, wewe na mimi. Mwanangu akainua mkono wa kulia, akaweka vidole mdomoni. Chakula. Akapishanisha mikono kifuani, akawatazama wenzake: zimeni mashine. Na mashine zilikuwa zimeshazimwa, lakini kila mmoja alielewa ni midomo aliyokuwa anaisema. Mchana ule walikula wali wangu wote wakisemezana kwa mikono, mpaka umeme uliporudi, na mtoto katikati yao anawasahihisha.

Mkwe wangu alitoka ndani na kichanga begani, akanikuta nikijifuta uso kwa ukingo wa kanga, sahani zinapoa.

"Mama, kuna nini? Unalia?"

"Nenda kamwambie mumeo atafute mbuzi," nikamjibu. "Mtoto kamwita baba yake."