Kondoo wa Mavis Hawatoki Ngomeni

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu bado umeukalia mlima, na Mavis Telford, mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye koti la mvua lililochakaa mabegani, anafungua geti ambalo hakulifunga yeye.

Hapigi hata mluzi. Moss, mbwa wake, amejilaza chini, maana hana kazi. Kondoo wanajua njia. Wanaingia mmoja mmoja ndani ya magofu ya ngome ya Warumi na kuanza kula majani juu ya vyumba walimolala askari zamani hizo.

"Haya, karibuni nyumbani," anawaambia.

Jioni mlinzi atawatoa na kulifunga geti kwa komeo tu. Kesho Mavis atalifungua. Mchezo huu wameucheza karibu majira yote ya baridi, baada ya kampuni inayoendesha ngome kuizungushia uzio kwa kuwa watalii walilalamika kukanyaga mavi.

Mlinzi mwenyewe ni Callum, mtoto wa mdogo wake Mavis.

"Mama mkubwa, utanifukuzisha kazi."

"Basi fanya kazi yako, mwanangu. Wewe funga, mimi nafungua."

Huku milimani kondoo hawachungwi kwa uzio. Jike humwonyesha mwanawe malisho, naye akikua humwonyesha wake, na mpaka wanautunza kichwani. Kundi la Mavis limelala ngomeni tangu enzi za bibi yake. Ukilihamisha likasahau, hakuna wa kulifundisha upya. Sufu ya kondoo mmoja siku hizi haifikii hata ujira wa kumnyoa. Mali yake ni kundi linaloujua mlima wake. Likipotea hilo atauza, na uchungaji wa ukoo mzima utaishia mikononi mwake.

Mwanzoni, uzio ulipowekwa, alitii. Aliwashusha bondeni, kwenye shamba la kukodi. Theluji ilipoanza, wakaruka ukuta wa mawe wakapanda kurudi, maana ukuta wa kaskazini wa ngome ndio unaokinga upepo, na hilo walifundishwa na mama zao. Wakakuta uzio. Asubuhi Mavis na Callum waliwafukua kwenye theluji majike watatu waliokufa wameegemea nyaya, karibu kabisa na mahali ambapo wangepona.

"Nililia," anasema bila kuona haya. "Kisha nikanyamaza, nikafungua geti. Mwenye neno aje kwangu, asiwaonee kondoo."

Wenye neno hawakosekani. Leo ni bwana mmoja mwenye viatu vyeupe.

"Mama, hapa ni mahali pa historia! Tazama viatu vyangu!"

"Pole, baba. Warumi walipita hapa na makubazi, hatujasikia wakilalamika."

Mke wa yule bwana anacheka hadi anashika ukuta. "Kwani Warumi nao walifuga kondoo?"

"Hilo sijui, dada. Ninachojua, wao waliondoka."

Lakini kampuni nayo imechoka. Jioni Callum anapanda na kufuli jipya mkononi, uso umemshuka. Anamkuta mama yake mkubwa amepiga magoti kwenye kona ya ukuta wa kaskazini, mikono ya sweta ameikunja. Jike anazaa.

Callum anasubiri. Mwanakondoo anatoka, anapiga chafya, anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena mpaka analipata titi.

"Mama mkubwa, wamenipa kufuli."

"Nimeliona."

"Wamesema leo ni leo."

Mavis anajifuta mikono kwa majani. Majike wengine wameshajitafutia kona zao, matumbo yamejaa watoto. Anataka wote wazalie humu. Atakayezaliwa humu, anasema, atamrithisha mwanawe mahali hapa, na yeye Mavis hata akifa, kundi litakuwa linajua kwao.

"Sasa mimi nifanyeje?" Callum anauliza.

Mavis anaketi juu ya jiwe la Warumi, anafungua chupa ya chai.

"Si umeambiwa ufunge, mwanangu? Funga. Sisi tuko ndani."