Nilivyolipigia Vigelegele Zee Lisilofanya Kazi

Ndugu zangu, kosa ni langu. Si la shetani, si la mtambo. Ni langu mimi, mama mtu mzima na rozari yangu shingoni!

Nasoma kompyuta masomo ya jioni hapa mtaani kwetu Katandala. Mfadhili mmoja alituletea kina mama wa jumuiya yetu ya kanisa kompyuta mbili tuzijaribu: moja mpya, nyingine zee limechoka. Tuchague moja, ya pili iende kwa wenzetu wa mtaa wa Chanji.

"Wewe ndiye msomi wetu," wakaniambia. "Tupimie."

Msomi! Kichwa kikavimba.

Nikaandika programu ya kujumlisha namba mara bilioni moja, nione ipi inawahi kumaliza. Sasa kuna kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu yawe lugha ya mashine. Ukitaka, unaiamuru ifupishe kazi iende mbio. Kwenye ile mpya sikuiamuru. Kwenye zee nikaiamuru. Nililionea huruma tu jamani!

Mpya ikachukua sekunde nne. Zee? Sifuri! Nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakatimka. Mama Oliva, mwenyekiti wetu, alicheza mpaka kitenge kikamdondoka. Tukalibeba zee letu kwa nyimbo. Mpya ikaenda Chanji.

Jumatatu nikamwonyesha mwalimu, kijana wa watu. Akasoma programu, akajiziba mdomo.

"Shikamoo tena, mama. Jibu la hii hesabu ulilipeleka wapi?"

"Sikulipeleka popote. Nilitaka muda tu."

"Basi kompaila imeona jibu halitakiwi, ikaifuta hesabu yote. Zee halijajumlisha hata moja! Ukimwambia mtu apepete debe la ulezi halafu aumwage, mwenye akili atapepeta?"

Yesu na Maria! Nilicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi ya kweli.

Nikaungama mbele ya jumuiya nzima. Mama Oliva akadakia: "Kwa hiyo mimi niliuchezea ngoma uvivu wa zee?" Wakaangua vicheko. Ila mpya haikurudi. Zee tukiliwasha, tunamaliza rozari nzima bado halijamaliza kuwaka!

Wenzangu, ukipima mashine mbili, zipe amri moja, na zilazimishe zitoe jibu ulione kwa macho. Na ukiona sifuri, meza kwanza kigelegele chako, uulize: kazi yenyewe imefanyika? Mimi sikuuliza. Nilikuwa naonja utamu wa kuitwa msomi.