Kwotabeki Watano wa Bibi

Kwa nini mtu awe na kwotabeki watano, ilhali sheria inamruhusu kuchezesha wawili tu, na mjukuu wake wa damu hana hata mmoja wa maana, na bado asimpe? Swali hilo nililizungusha kichwani msimu mzima nisilipatie jibu, mimi ambaye nyumbani wananiita Bi Kwanini. Lakini kabla ya kumlaumu mzee wa watu, niseme kabisa kwamba aibu ile nilijitengenezea kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, dele la kahawa mkononi.

Haitham, mtoto wa ami yangu, alisoma Marekani, akarudi Maskati na shahada ya uhandisi na ugonjwa wa mpira wao, ule wa kushika kwa mikono na kugongana (nilimuuliza kwa nini basi wanauita mpira wa miguu, akanambia ninyamaze). Akatuanzishia ligi ya kubuni: kila mtu anateua wachezaji wa kweli, mmoja mmoja kwa zamu, na aliyeteuliwa na mwenzako humpati tena ila akupe mwenyewe; wakicheza huko kwao, alama zao zinakuwa zako. Kwotabeki ndiye anayerusha mpira, na ndiye mwenye alama nyingi kuliko wote. Ligi za wengine timu huchezesha mmoja. Yetu, Haitham akasema, itachezesha wawili, ili tujue nani ana akili.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Kwetu aliye mdogo kuliko wote ndiye anayewatilia watu kahawa, amesimama, dele kushoto, vikombe kulia, na hakai mpaka mtu wa mwisho atikise kikombe chake kuonyesha kwamba katosheka. Kazi hiyo nilipewa nikiwa skuli ya msingi, nikamaliza chuo, nikapata kazi Qurum, na kila Ijumaa bado mimi ndiye mdogo (watoto wa binamu zangu wananyonya, hawawezi kushika dele). Sasa tukakubaliana kwamba atakayeshika mkia kwenye ligi ndiye atakayetia kahawa mwaka mzima unaofuata, awe mkubwa awe mdogo. Kwa hiyo sikutaka hata ubingwa. Nilitaka kukaa kitako.

Tukateulia nyumbani kwa Bibi, Mabela, Ijumaa baada ya chakula. Binamu mmoja alikuwa amejitoa, nafasi ikawa wazi, Bibi akasema atacheza yeye. Haitham alituonya kwamba kwenye ligi ya wawili kwotabeki huisha upesi, tuwawahi. Kila mtu akaitikia kwa kichwa, na mimi nikiona watu wote wanaitikia jambo moja hunipanda kichaa. Nani kasema? Wote wakikimbilia warushaji, si wataniachia wakimbiaji na wadakaji wazuri? Warushaji nitawaokota mwishoni. Mpaka leo naona hoja haikuwa mbaya.

Ila zamu ya Bibi ilikuwa mbele ya yangu, na nilimuogopa asije akanichukulia mkimbiaji niliyemtaka. Akanivuta mkono. "Rayya mwanangu, mimi n'chukue nani?"

Nikamnong'oneza: "Bibi, wewe kusanya warushaji tu. Wengine usihangaike nao."

Basi, hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

"Mjukuu wangu kanambia nikusanye warushaji," Bibi akatangaza. Haitham alikuwa anaonyesha picha zao kwenye televisheni. "Nipe huyo mwenye ndevu." Zamu iliyofuata: "Huyo mwenye uso wa mtu aliyelelewa." Halafu mwengine kwa kuwa anafanana na marehemu kaka yake. Mimi huku nateua wakimbiaji, nachekelea, nazunguka na dele, na kila nikirudi kwenye zamu yangu nasema bado, bado kidogo.

Ami Nasor, jirani wa nyumba ya mbele, alikuwa amekuja kumsalimia Bibi, na nilikuwa nimeinama kumtilia yeye kahawa, ndipo Haitham aliposema, "Rayya, zamu yako, na safari hii ni kwotabeki tu, huna hata mmoja."

"Wamebaki nani?"

"Wawili. Mmoja mguu uko kwenye plasta. Mwengine kazi yake kushika karatasi pembeni. Huyo ukimuona anacheza, ujue wenziwe wote wawili wameshavunjika."

Nikageuza shingo kutazama televisheni, mkono ukaendelea kumimina.

Kwa wasiojua: kahawa yetu hutiwa kidogo, chini ya nusu ya kikombe. Ukimjazia mgeni mpaka ukingoni umemwambia, bila ya kufungua mdomo, anywe aende zake.

Ami Nasor akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akakiweka chini taratibu. "Nyumba ya kheri hii. Tumeshakaa vya kutosha." Akainuka kutafuta viatu vyake. Baba yangu akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Hata Haitham alizima sauti ya televisheni.

Nikamkimbilia hadi getini, miguu mitupu juu ya sakafu ya jua la Mabela, dele bado mkononi. "Ami, n'radhi, si wewe. Ni kwotabeki. Wamekwisha."

"Wamekwisha?"

"Bibi kawachukua."

"Na nani kamwambia awachukue?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Mimi."

Alicheka mpaka akashika geti. Akarudi ndani, akakaa pale pale, na akawasimulia wote kisa changu tangu mwanzo, vizuri kuliko ninavyosimulia mimi hapa, na mimi nikimtilia kahawa. Kidogo.

Kabla ya hapo Mabela nilikuwa naiona Ijumaa tu. Sasa nikawa nakwenda kila Alhamisi kumuomba Bibi anipe mmoja, kutoka kazini Qurum moja kwa moja kwenye foleni ya magari, kwa sababu mzee haombwi kwa simu: unakwenda, unakaa, unakula mkate wa ufuta, unasikiliza habari za magoti yake na za majirani, na jambo lako huligusi mpaka kikombe cha tatu. Nikiligusa, "Bibi, yule mrushaji wako wa tano…," ananambia, "Huyo bado nnamtazama. Njoo wiki ijayo, inshallah."

Nilishika mkia. Nilitia kahawa mwaka mwengine mzima, na nikaapa kwamba sitamnong'oneza mtu ushauri tena nikiwa na dele mkononi. Nilishajipoza kwamba Bibi hakuwa akizifahamu sheria, mpaka juzi, miaka imeshapita, nilipomwambia hivyo Haitham akanishangaa.

"Hafahamu? Nilimweleza wiki ile ile ya kwanza. Nikamwambia Bibi, watatu umekaa nao bure, mpe Rayya mmoja. Akanambia, 'Hilo nnalijua. Lakini nikimpa, Alhamisi atakuja kufuata nini?'"