Siku Niliyozima Lifti Wazee Wakiwa Ndani

Siku zote nilizofanya kazi Dar es Salaam zinaweza kunipotea, mwanangu, lakini moja naikumbuka mpaka rangi ya anga lake. Ni siku ambayo mama yangu mzazi, mjomba wangu Mhina na basi zima la watu wa Sindeni walisimama chini ya jengo refu kuliko yote niliyowahi kufanyia kazi, wakainua shingo mpaka kofia zikawadondoka, kisha wakaniambia: haya, tupandishe.

Kabla sijafika huko, ujue kwanza nani anaongea nawe. Mimi niliondoka Sindeni na begi moja la mkono. Nimerudi na stashahada ya ufundi wa umeme, gari langu mwenyewe, na nyumba ambayo ukipita njia ya Handeni utaijua bila kuelekezwa. Karakana ya pampu na mota pale Korogwe mjini ni yangu, na hakuna mtu aliyenishika mkono kuifungua. Sisemi haya ili unionee wivu. Nasema kwa sababu vijana wa sasa hawamsikilizi mtu mpaka wajue ana nini, na mimi ninacho.

Wakati huo nilikuwa kijana bado, sijaoa, na lifti za jengo lile nilikuwa nimekabidhiwa mimi. Jengo lilikuwa linamaliziwa. Vioo vilishafika juu kabisa, na jua la asubuhi likivipiga ulikuwa huwezi kuutazama ule upande. Winchi kubwa ya juu ilikuwa inashushwa kipande kwa kipande, na kila kipande kilipokuwa hewani hakuna aliyeongea chini mpaka kiguse ardhi. Watu wa vigae wakigombana na watu wa rangi, watu wa rangi wakigombana na mafundi bomba. Wenye jengo wanakuja kila siku na viatu vyao safi kuuliza lini, lini, lini.

Nami huko nyumbani nilikuwa mtangazaji. Kila Ijumaa watu wakitoka msikitini, mjomba Mhina aliweka simu sauti ya juu kwenye benchi la dukani, nami nikawatangazia jengo kama mpira wa redioni. Leo tumefunga kioo cha mwisho. Leo taa za juu zimewaka, meli zinatuona. Nilikuwa nasema "jengo langu" na "lifti zangu", na watu wanaitikia kwa kelele ninazozisikia mpaka Dar. Ijumaa moja nikasema: "Jengo limekwisha. Njooni niwapandishe mpaka juu, mkaione bahari kwa macho yenu."

Sasa wewe ni mtoto wa huku, unajua mtu akisema nyumba imekwisha, njooni, maana yake nini. Maana yake wazee waje waingie kwanza, isomwe dua, kiliwe chakula, ndipo wenye kuishi waishi. Mjomba mtu ndiye anayevuka kizingiti wa kwanza. Watu wangu hawakuja kutembea, mwanangu. Walikuja kuizindua nyumba ya mtoto wao. Walikodi basi, wakapakia mchele, mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, ubani na chetezo, na mama akavaa kitenge alichokuwa amekiweka kwa ajili ya harusi yangu.

Nami nilikuwa nimewaita nikijua jambo moja ambalo sikuwaambia. Lifti ilikuwa inapanda na kushuka vizuri, ndiyo. Lakini ilikuwa haijajaribiwa na mzigo kamili.

Nikueleze kidogo, si kazi ngumu kuelewa. Lifti mpya haipandishi watu mpaka ijazwe vyuma vizito kuliko watu itakaowabeba, halafu iachiwe kwa makusudi ikimbie kuliko kawaida, ili breki zake za dharura zionekane zinauma na kushika, au haziumi. Vyuma vyetu vilikuwa kwenye jengo lingine upande wa pili wa mji. Niliahidiwa vingefika kabla ya wageni wangu. Asubuhi ile nilipiga simu, nikaambiwa lori limeharibika. Nikapiga tena, simu haikupokelewa. Na wakati naikazia macho ile simu, basi la Sindeni likapiga honi nje ya uzio wa mabati.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Au huku mnakula vioo?" Mama alinishika uso kwa mikono miwili mbele ya mafundi wote.

Nilicheka. Nikaanza kuwazungusha pale chini ili muda uende. Nikawaonyesha vigae, nikawaonyesha jenereta, nikawaonyesha mpaka vyoo. Shangazi Mwanaidi, mdogo wake marehemu baba, ambaye mdomo wake unajulikana mpaka Mazingara, akauliza, "Tumetoka alfajiri kuja kuona vyoo?"

Ndipo Injinia wetu akatokea. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi, mtu mzuri siku za kawaida, ila siku hizo alikuwa hali wala halali kwa ajili ya wenye jengo. Aliwasalimia wazee kwa adabu, akanivuta pembeni.

"Hawa wote ni wako?"

"Ni wangu."

"Wanaijaza lifti?"

"Wanaijaza."

"Basi vyuma vya nini? Wapandishe na kuwashusha mara mbili tatu. Ikibeba hawa, mchana nawaambia wakubwa lifti iko tayari."

Nilidhani anatania. Nilimtazama nione atacheka lini. Hakucheka. Akageuka akapiga makofi: "Karibuni wazee wetu, karibuni ndani!"

Na wakaingia. Mjomba Mhina alitangulia kwa mguu wa kulia, amesema bismillahi. Mama akafuata, kisha shangazi na chetezo, kisha wengine wakibanana na kucheka, mwingine anasema asikanyagwe, mwingine anajitazama kwenye kioo na kufunga kilemba upya. Kengele ya kuzidi uzito ililia, wakatoka wawili wakilalamika, ikanyamaza. Ilikuwa imejaa sawasawa. Mama aliniangalia kutoka katikati ya watu, na uso wake, mwanangu, ulikuwa wa mtu ambaye hana deni tena na dunia.

Mimi nilibaki nje, nikaingiza ufunguo wa lifti kwenye bati la kando ya mlango. Mkono ulikuwa unatetemeka mpaka ufunguo ukagonga bati. Nilizijua breki zile, nilizifunga mwenyewe, na mimi kazi yangu haina mchezo, uliza popote. Kwa hakika nilikuwa naamini zitauma. Lakini kuamini ni kitu kimoja, na kuona ni kingine. Nikawaza ile njia ya lifti kutoka juu mpaka shimoni, giza tupu na kamba za chuma. Nikawaza kitenge cha mama.

Nikauchomoa ufunguo, nikaenda ukutani, nikashusha swichi kuu.

Ndani kukawa giza. Mtu akapaza sauti, "Kumbe mgao wa umeme na huku upo!" Wakaangua kicheko.

"Si mgao," nikasema. "Nimezima mimi."

Kicheko kilikatika.

"Umezima wewe?" aliuliza mjomba.

"Ndiyo mjomba. Tokeni. Lifti haijapimwa."

Injinia alikuwa nyuma yangu. "Washa."

"Bado, Injinia."

"Washa nimesema. Au niite mwenzako awashe?"

"Mwite. Ila ufunguo ninao mimi, na ndani kuna mama yangu. Vyuma vikija nitawasha."

Akageuka akaondoka. Nilijua kazi imekwenda. Lakini hilo halikuniuma kama walivyotoka mle ndani, mmoja mmoja, bila kunitazama. Shangazi alipita karibu yangu akasema kwa sauti ya kusikika: "Tumevaa vumbi la Sindeni, tutamchafulia kioo. Mtoto akishapata cheti, ndugu wanakuwa takataka." Mama alibaki nyuma yao. Alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua.

Walikula pilau yao nje, kando ya uzio, kwenye mikeka. Dua waliisoma palepale, wameligeukia jengo kutoka mbali. Nilipoenda kukaa nao watu walisogea kunipa nafasi kubwa kuliko inayohitajika. Mjomba Mhina alinawa mikono, akanisogelea.

"Uliogopa?"

"Niliogopa, mjomba."

"Hukukosea kutukataza. Ulikosea kututangazia. Ungesema jengo linakaribia, tungengoja, tungekuwa shambani tunapalilia. Umetaka sifa ya Ijumaa, ukaenda kuchukua kitu ambacho bado hakijawa chako. Leo umetulipisha sisi aibu yake, na mama yako ndiye aliyelipa kubwa."

Nikakunja mikeka, nikaipakia kwenye basi lao.

Vyuma vilifika wiki iliyofuata. Injinia hakunifukuza, alinipa ufunguo bila salamu. Tuliijaza lifti, tukaiachia ikimbie, breki zikauma palepale, jengo likatoa mguno mmoja, basi. Ilikuwa nzima kabisa. Nikwambie ukweli, kuna kipande cha moyo wangu kilikuwa kinaomba ishindwe, ili habari ifike Sindeni kwamba niliwaokoa. Haikushindwa. Habari iliyofika Sindeni ni kwamba lifti ilikuwa salama siku zote na mimi niliwanyima bure. Shangazi huisimulia mpaka leo kwenye harusi, na kila mwaka huongeza kitu.

Mama hakurudi tena Dar. Nilimwomba, akasema magoti yanamuuma. Yuko hai, anapalilia mahindi yake, na nikimtembelea bado kuna mahali katika mazungumzo hatufiki.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayekwenda mjini na cheti chako. Kitu ambacho hakijakwisha, usikitangaze kuwa kimekwisha, hata kama watu wa nyumbani wanapenda kusikia hivyo, na hasa kama wanapenda. Na ikitokea umekwisha kuwaita, wamekwisha kuvaa, wamekwisha kuingia, na kitu hujakihakikisha, zima. Zima mbele yao, na uchukue lawama yote. Usingoje kushukuriwa. Jambo baya ambalo halikutokea halina shahidi, kwa hiyo utabaki peke yako na ulichokifanya, na itabidi kikutoshe. Mimi kimenitosha.

Mungu akufungulie riziki huko uendako, akupe mkono usiotetemeka na moyo unaojua kuogopa. Na wale watakaokununia kwa sababu uliwazuia, awape umri mrefu, wawe wanakununia mpaka mvi zao zote zitoke.